Historia ya Namba Tasa 2,147,483,647

Namba tasa ni ile isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Na miongoni mwa namba za jinsi hiyo, ni chache zenye tarehe ndefu kama 2,147,483,647, ambayo hupatikana kwa kuchukua 2 ya kipeo cha 31 na kuipunguza 1.

Pietro Cataldi, mtaalamu wa hisabati wa Bologna, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1603 kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote huzaa namba tasa kwa njia hiyo. Lakini katika vinne hivyo alisibu kimoja tu, nacho ni 31. Padri Mfaransa Marin Mersenne naye alikitia kipeo hicho katika orodha yake ya mwaka 1644, wala hakutoa burhani.

Burhani ilitoka kwa Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi St Petersburg, ambaye mwaka 1772, hali nuru ya macho yake imekwisha kutoweka karibu yote, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli waraka wa kulithibitisha jambo hili. Kwa kuwa namba isiyo tasa haikosi kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, hapakuwa na haja ya kuvuka 46,340. Tena kila kigawo tasa cha namba hii, kama kingekuwapo, sharti kikigawanywa kwa 248 kibakishe 1 au 63. Kwa kanuni hiyo majaribio yalipungua hata yasizidi 372. Cha kwanza kinachostahili kujaribiwa ni 311, nacho huacha baki ya 35. Na vyote vinavyofuata, hata mwisho wa safu, huacha baki vilevile.

Ukiizidisha namba hii kwa 2 ya kipeo cha 30, hupata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, kama 6 ilivyo jumla ya 1, 2 na 3; namba za jinsi hii huitwa timilifu. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hapana atakayevumbua namba ya sifa hiyo iliyo kubwa zaidi, kwani ni za kustaajabiwa tu, hazina manufaa.

Zamani zilimkadhibisha mara mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha utasa wa namba ya tarakimu 39, itokanayo na kipeo cha 127, na kwayo ikapatikana namba timilifu kubwa kuliko ile ya Barlow. Na mwaka 1969 wataalamu watatu wa Marekani waliitumia namba ya Euler kuzalisha namba za nasibu katika kompyuta: namba iliyotangulia huzidishwa kwa 16,807, jawabu likagawanywa kwa 2,147,483,647, na baki ikawa namba ifuatayo, na kwa sababu ya utasa huo pamoja na uteuzi wa kizidishi hicho, namba zote 2,147,483,646 hupita kabla ya moja kurudi.

Kwa hiyo mwalimu anayeulizwa na mwanafunzi wake habari za namba tasa asimkatize kwa hoja kwamba hazimo katika mtihani.