Kinyumbulishi: Mafuta Yanayobandua Rangi

Anayeunda modeli ya kifaru cha vita kwa uwiano wa 1:35, mfano zile za kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, hupaka rangi raha mustarehe mpaka afike kwenye minyororo. Mwili wa kifaru ni polistirini, plastiki ngumu inayopokea gundi na rangi bila ubishi. Minyororo, hasa katika modeli za zamani, ni vinaili laini, maana lazima ipinde kuzunguka magurudumu. Rangi ikikauka juu yake utadhani imeshika. Ukiukunja mnyororo, inatoka magamba magamba. Au haikauki kabisa: wiki kadhaa zimepita, unagusa, kidole kinanata. Hapo lawama humwangukia muuza rangi, kumbe mkosaji yumo ndani ya vinaili yenyewe. Kwa Kiingereza jina lake ni plasticizer, na mafundi wetu wengi humtaja kwa mzunguko tu: “yale mafuta ya plastiki.”

Vinaili ni PVC, na PVC tupu ni ngumu, kama mabomba ya maji yanayopita ukutani. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, alikuwa akitafuta kitu cha kugandisha mpira kwenye chuma. Alipoichemsha PVC katika kimiminika kisichovukizwa upesi, akapata kitu laini kinachodunda. Gundi hakuipata, lakini vinaili laini ikazaliwa. Siri yake ni kwamba molekuli za kile kimiminika hujipenyeza katikati ya nyuzi ndefu za PVC, zikazitenganisha, nazo zikaweza kuteleza moja juu ya nyingine. Hazikufungwa kwa kifungo cha kikemia, zimekaa tu. Na si kidogo: katika vinaili laini zinaweza kufika theluthi ya uzito wote, au zaidi.

Tumwite nani basi? “Plastisaiza” latamkika, ila halimwambii msomaji lolote. “Kilainishi” limekwisha kupata kazi: ni grisi na oili ya mashine, na siku hizi hata dawa ya kulainishia nguo. Fundi akiambiwa “futa kilainishi” atafuta kilichopakwa juu, ilhali hiki kimetoka ndani. Mimi nachagua “kinyumbulishi”, kutoka nyumbua, yaani kukifanya kitu kipindike na kunyooka bila kukatika. Ukoo wake tunao tayari: wanaosoma fizikia kwa Kiswahili wanalijua “unyumbufu”. (Tusichanganye na nyambua. Hilo ni la kuchanachana, na waalimu wa sarufi wameshalichukua kwa vitenzi.)

Jina la kitu peke yake halitoshi. Tunahitaji na kitenzi cha kile kinachofanya. Wengine husema vinaili “inatoka jasho”. Inapendeza, lakini jasho huishia juu ya ngozi. Kinyumbulishi kinahama: kinatoka kwenye vinaili na kuingia kwa jirani. Wengi wamekwisha kukiona bila kukijua. Chukua cheti cha shule kilichotolewa fotokopi, kikakaa miaka ndani ya faili laini la plastiki. Ukikivuta, herufi zinabaki kwenye faili, zimegeuka kinyumenyume. Kinyumbulishi kimehamia kwenye wino wa mashine, kikaulegeza, ukagandia upande wa pili. Ndivyo pia tairi laini za modeli za magari zinavyokula rimu za polistirini zikiachwa kabatini: rimu inayeyuka pale pale tairi ilipoegemea.

Rangi nayo ni jirani. Ile ya mafuta huathirika zaidi, kwa kuwa kinyumbulishi huingia ndani yake na kuizuia kukauka, hivyo kunata hakuishi. Ya maji, akriliki, ina nafuu na hujikunja kidogo bila kupasuka. Kwanza osha mnyororo kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, ukaushe, kisha upanguse kwa spiriti. Ufunge kwenye magurudumu kwanza, usije ukaupinda baada ya kupaka. Piga mikono myembamba miwili mitatu badala ya mmoja mzito. Lakini tusidanganyane: kuosha kunaondoa kilichokwisha kutoka, na kilichobaki ndani kitaendelea kuhama polepole.

Waliolipatia jambo hili ni wachoraji wa vinyago vya vinaili vya Japani, vile vinavyoitwa sofubi. Wao hutumia rangi yenye utomvu wa jamii ya vinaili iliyochanganywa na thina kali. Thina inaufumua uso wa kinyago, rangi inazama na kuungana nao, na baada ya hapo hakuna mpaka wa kubandukia. Ubaya wake ni kwamba thina hiyo hiyo ikigusa polistirini inaitafuna, kwa hiyo mnyororo upakwe ukiwa pembeni, mbali na kifaru.

Istilahi hii isibebeshwe kila plastiki laini, hata hivyo. Wale askari wadogo ambao Airfix ya Uingereza ilianza kuwauza mwaka 1959 nao hupindika na rangi huwabanduka vile vile, lakini wao ni polithini. Polithini ni laini kwa maumbile yake. Hakuna kinyumbulishi cha kuhama. Tatizo lao ni kutolowana: dondosha tone la maji mgongoni mwa askari, litajikusanya liwe duara badala ya kutandaa, na rangi nayo hukosa pa kushikia. Huyo anahitaji praima ya kushikia polithini, na hata ukimpangusa kwa spiriti mpaka jioni, uso wake utabaki vile vile.