Vipuri vya habu ya baiskeli: pima kwanza, nunua baadaye

Endiinzi ni mji mdogo wa wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, baiskeli ni gari la mizigo: hubeba matoke, mahindi, mkaa na madumu ya maji kwenye barabara za vumbi. Habu ikifa siku ya soko, mzigo hulala njiani na faida ya siku hupotea. Jiji la karibu lenye maduka makubwa ni Mbarara, hivyo kipuri kisichoingia maana yake ni nauli ya pili.

Kipi huharibika kwanza

Ndani ya habu mna ekseli, koni mbili, gololi na vikombe viwili ambamo gololi huzunguka. Koni na gololi ni vitu vya bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache. Vikombe, katika habu nyingi za bei nafuu, havibadilishwi: vikiliwa, habu nzima imekwisha. Hapo fundi hufumua spoku zote na kusuka gurudumu upya. Kwa hiyo mwenye kuchelewa kununua koni huishia kununua habu.

Dalili za kuangalia:

- Gurudumu linacheza kushoto na kulia ukilishika juu.
- Ekseli inakwaruza ukiizungusha kwa vidole.
- Koni ina vishimo kwenye njia ya gololi. Ibadilishe hata kama kishimo ni kimoja.
- Ncha ya kalamu inakwama ikipitishwa ndani ya kikombe. Koni mpya haitaponya habu hiyo.

Vipimo vya kujua

Gololi: Kwa baiskeli nyingi, mbele ni inchi 3/16, gololi 10 kila upande, nyuma ni inchi 1/4, gololi 9 kila upande. Nunua seti nzima. Gololi mpya ikichanganywa na za zamani, ile kubwa ndiyo hubeba mzigo peke yake, nayo huila koni.

Ekseli na koni: Baiskeli za kizamani za magurudumu ya inchi 28 kwa kawaida hutumia ekseli ya nyuma ya inchi 3/8, yenye meno 26 kwa inchi. Nyingi za aina ya mlima zina milimita 10, meno ya milimita 1. Kwa macho hufanana, lakini koni ya milimita 10 hulegea kwenye ekseli ya inchi 3/8. Kama huna uhakika, nunua ekseli na koni zake kwa pamoja.

Matundu ya spoku: Baiskeli nyingi za mtindo wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, nyingine zina 36 pande zote. Habu ya matundu 40 haiingii kwenye rimu ya 36. Hesabu kabla ya kulipa.

Njia salama ni kwenda dukani na kipuri kilichochakaa mkononi. Jina la baiskeli halitoshi, maana jina moja hubeba vipimo tofauti.

Kwa wenye maduka

Panga akiba kwa vipimo. Koni, gololi na grisi ziwe nyingi kuliko habu nzima, kwani ndizo huisha mara kwa mara. Mshauri mteja atumie grisi ya beringi. Oili ya injini humwagika na kuacha chuma kikisagana na chuma.

Kwa wanaovuka mpaka

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi mwaka 2005, na wafanyabiashara wadogo wana cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Habu iliyotengenezwa India au China haipati nafuu hiyo kwa sababu tu imenunuliwa Mbarara. Tunza risiti na hati za forodha. Habu na friwili za kawaida huorodheshwa chini ya namba 8714.93, rimu na spoku 8714.92. Kutenganisha mizigo hiyo kwenye ankara hupunguza maswali mpakani.