Dracula Ndani ya Tangi la Samaki

Nilikutana na Dracula mahali nisipomtarajia: kwenye orodha ya samaki. Wala si papa. Ni kisamaki cha kufugwa, kifupi kuliko kidole, chenye milia kama pundamilia, asili yake Asia Kusini. Nikacheka, kisha nikataka kujua nani alimpa jina hilo.

Habari inaanzia Oregon, Marekani. George Streisinger, aliyezaliwa Budapest na kuletwa Marekani utotoni familia yake ilipowakimbia Manazi, alikuwa bingwa wa virusi. Baadaye akageukia samaki huyu. Kwa nini? Yai lake hukua nje ya mama, na kiinitete chake kinaangaza kama kioo. Moyo unaanza kudunda baada ya siku moja tu, nawe unautazama kwa darubini. Mwaka 1981 alichapisha namna ya kuzalisha samaki wanaofanana kabisa kijeni. Mwaka 1984 akafariki, kazi kubwa bado mbele.

Wengine wakaipokea: Christiane Nüsslein-Volhard kule Tübingen, Ujerumani, na Wolfgang Driever na Mark Fishman, Boston. Madume yaliwekwa kwenye maji yenye kemikali ya kuvuruga jeni. Wakasubiri hadi vitukuu, maana kasoro nyingi hujificha mpaka mtoto azirithi kwa baba na mama. Halafu wakakagua: huyu kakosa nini? Desemba 1996 jarida la Development likatoa makala 37 kwa mpigo.

Majina ndiyo yaliyoninasa. Kuna aliyeitwa, kwa Kiswahili chetu, Bila Mkia. Jeni yake ikiwa nzima, kazi yake ni kusaidia kujenga mkia! Yaani jeni inaitwa kwa kile kinachokosekana ikiharibika. Na jeni hiyo tunayo hata sisi. Yupo pia Cyclops, mwenye jicho moja kama jitu la Homer.

Na Dracula? Akimulikwa, chembe zake nyekundu za damu hupasuka. Jeni yake ilipopatikana, ikawa ileile ambayo ikiharibika kwa binadamu, jua humuunguza mtu ngozi kwa maumivu makali.

Hapo kicheko changu kikakatika. Aliyekuwa darubinini alimtania samaki tu, simlaumu. Lakini fikiria mama anayemficha mwanawe jua, anasoma kuhusu ugonjwa huo, anakutana na jina la mnyonya damu. Sisi wapenda hadithi tunajua: jina likishatoka, mwenyewe halirudishi.