Singeli: kutoka vigodoro vya Dar hadi jukwaa la Jinja

Mwaka 2025 ulitimia muongo mmoja tangu tamasha la Nyege Nyege lifanyike kwa mara ya kwanza karibu na Jinja, Uganda. Waganda wana haki ya kujivunia, lakini sehemu ya sifa hiyo ni ya Mburahati, Manzese na Tandale, mitaa ya Dar es Salaam iliyolipa jukwaa hilo singeli.

Huko uswahilini ndiko muziki huu wa kasi ulikozaliwa. Muziki wa mchiriku ulitangulia na kinanda chake cha Casio. Kisha madijei wa vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha, wakakata vipande vya taarabu, wakavirudiarudia na kuvikimbiza, mshika maiki akighani juu yavyo. Kasi ikapita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, lebo ya waandaaji wa tamasha, ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyo wa studio moja ya Mburahati, na Ulaya ikatega sikio. Jukwaani hakuna gitaa wala tarumbeta: ni kompyuta, spika na sauti ya mghani, na umati haupati nafasi ya kupumua.

Tamasha lenyewe nusura lizimwe. Septemba 2018, siku chache kabla ya kuanza, Waziri wa Maadili na Uadilifu, Simon Lokodo, padri wa zamani, alitaka lifutwe akidai linaeneza ngono na ushoga. Jina nalo lililichongea tamasha, ingawa waandaaji walieleza kuwa kwa Kiluganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Waganda wakachachamaa mitandaoni, na serikali ikaruhusu kwa masharti. Septemba 2022 ikawa zamu ya Bunge: Spika Anita Among alitangaza marufuku, ingawa tiketi zilikuwa zimeshauzwa. Hazikupita siku mbili, Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akalifungulia, kwa masharti tena. Ngoma ikalia Itanda, kando ya maporomoko ya Nile.

Singeli nayo haikusimama: watayarishaji Sisso na Maiko walitoa albamu ya Singeli Ya Maajabu mwaka 2024, kwa lebo hiyohiyo ya Kampala. Inaniuma kwamba hazina ya mitaa yetu inatunzwa na jirani. Nyimbo nyingi za mwanzo zilipita mkono kwa mkono, kwenye flashi na kadi za kumbukumbu za simu. Baraza la Sanaa la Taifa lizikusanye sasa, wakati watengenezaji wake wangali hai. Nawe msomaji, kama unayo flashi ya zamani ya singeli kabatini, usiifute.