Nani Awe Willy Gamba?

Jasusi hawezi kubishaniwa kabla hajazaliwa, naye huzaliwa pale penye siri ya kulindwa. Ndiyo maana habari ya ubishi huu, wa nani acheze jasusi mashuhuri wa filamu, naianzia Kongwa, katikati ya Tanzania, badala ya London. Tena naianzia kwenye karanga.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulitumwa kutafuta mahali pa kulima karanga, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka Kongwa. Wagogo wa huko hupanda uwele na mtama kwa kuwa wanaijua mvua ya kwao, lakini mpango ulikuwa umekwisha kuandikwa. Mvua zilikuwa haba, udongo ulipokauka ulishika karanga zisichimbike, na majembe ya trekta yakaisha makali. Januari 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi. Kongwa ikabaki na majengo matupu, barabara, na kituo cha reli ambacho baada ya miaka michache hakikuwa na reli.

Mabaki hayo yalipata kazi mpya. Mei 1963, wakuu wa nchi waliokutana Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliunda pia Kamati ya Ukombozi, na makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Kamati ilihitaji mahali pa kuwaweka vijana waliotoroka Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia, Rhodesia na Angola, wengi wao wakiwa wamerudi kutoka mafunzoni Algeria, Misri, Urusi au China. Mwaka 1964 kambi ilifunguliwa Kongwa. Walikuja wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya FRELIMO, SWAPO na ANC, na baadaye ZAPU na MPLA. Samora Machel wa FRELIMO, alipotoka mafunzoni Algeria, alifundisha askari hapo, na Chris Hani wa ANC naye aliishi hapo.

Kwa nini Kongwa? Wapo wanaosema ni kwa sababu ya majengo ya karanga, na wapo wanaosema ni kwa sababu ya umbali: si mpakani, si pwani, na hakuna mgeni apitaye bila kuonekana. Wengine hukumbusha kwamba Januari ya mwaka huohuo askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na serikali iliyokwisha kuonja maasi isingependa kuweka wageni wenye silaha karibu na Ikulu. La majengo naliona dogo, maana wapiganaji wenyewe walilazimika kujenga na kukarabati. Umbali na maasi, kwa maoni yangu, vilikwenda pamoja.

Kambi ikishakuwapo, wapelelezi hufuata. Ureno na Afrika Kusini zilitaka kujua walioko Kongwa ni wangapi, wana silaha gani, na wataondoka lini kwa njia ipi. Wapiganaji wa SWAPO waliotoka Kongwa waliingia Namibia, na tarehe 26 Agosti 1966 polisi wa Afrika Kusini waliivamia kambi yao ya Omugulugwombashe kwa helikopta. Kila pigo la namna hiyo lilizaa swali moja kambini: nani amesema? Dar es Salaam nako hakukuwa shwari. Januari 1965 serikali iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Frank Carlucci na Robert Gordon, kwa tuhuma za kula njama, na tuhuma zenyewe zilitokana na mazungumzo ya simu yaliyonaswa. Wamarekani walidai kwamba maneno yao yalieleweka vibaya. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi cha kitabu, na bomu lililofichwa ndani likamuua. Polisi wa siri wa Ureno wamenyooshewa kidole zaidi, ingawa wapo wanaoamini kwamba kifurushi kisingemfikia pasipo mkono wa watu wa ndani. Maelezo hayo mawili hayapingani.

Msomaji wa Tanzania wa miaka hiyo, basi, hakuhitaji kuelezwa jasusi ni nani. Kilichokosekana kilikuwa jasusi wa upande wake.

Wa upande wa pili alikwisha kupatikana. Ian Fleming alimleta James Bond mwaka 1953 katika kitabu cha kwanza, na mwaka 1962 ikatoka filamu ya kwanza, Dr. No, akicheza Sean Connery. Connery alikuwa mtoto wa familia ya wafanyakazi wa Edinburgh, aliyepata kuuza maziwa mitaani, na Fleming mwanzoni hakumtaka kwa kuwa alitaka mwungwana. Filamu ilipopendwa, mwandishi alibadilika. Katika kitabu cha mwaka 1964 alimpa Bond baba wa Kiskoti. Hapa ndipo ulipo mzizi wa mabishano yote yaliyofuata, kwa kuwa watazamaji walijifunza kwamba uso wa mwigizaji unaweza kuandika upya maisha ya mhusika. Tangu siku hiyo kuchagua mwigizaji hakukuwa tena kazi ya ofisini tu.

Afrika nayo ilipata uso mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Katika miaka ya 1960 kampuni ya gazeti la Drum ilitoa jarida la hadithi za picha liitwalo African Film, na steringi wake aliitwa Lance Spearman: kofia, tai ya kipepeo, sigara nene mdomoni na gari la Corvette. Aliyepigwa picha hizo ni Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, ambaye inasimuliwa kwamba kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa nyumbani na mpiga piano. Jarida lilisomwa Lagos, lilisomwa Nairobi, na Dar es Salaam likazua wivu wa heri. Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake Simu ya Kifo ilitoka mwaka 1965, alianzisha Film Tanzania, jarida la hadithi za picha kwa Kiswahili. Kwa Spearman hapakuwa na ubishi wa nani amcheze. Mtu na picha vilikuja pamoja, na picha zilipokoma naye akakoma.

Mwaka 1974 Aristablus Elvis Musiba alichapisha Kufa na Kupona. Siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na Chifu, mkuu wa upelelezi, anamwita kijana wake Willy Gamba azifuate Nairobi. Kisa hicho hakingeweza kubuniwa katika nchi isiyo na Kamati ya Ukombozi wala na Kongwa. Vitabu vilivyofuata vilifuata ramani ileile ya vita: Kikosi cha Kisasi, mwaka 1979, kilimpeleka Kinshasa, Njama ilimrudisha Dar es Salaam, Hofu, mwaka 1988, ikampeleka Harare, na adui alikuwa bado Pretoria.

Wahakiki walimwona Willy kuwa Bond aliyepakwa rangi. Hawakukosea kabisa. Anapenda wanawake, anapenda kinywaji, ni fundi wa ngumi na bastola, na hulala hoteli kubwa. Lakini tukumbuke kwamba hadithi hizi zilisomwa katika nchi iliyokuwa na Azimio la Arusha tangu 1967, ambamo mtumishi wa umma aliyeonekana akijistarehesha alitiliwa shaka. Kwa nini basi msomaji aliyekuwa amepanga foleni ya sukari hakumchukia mtumishi huyu wa serikali mwenye kutumia fedha hovyo? Jibu la kwanza ni ndoto: msomaji alistarehe kupitia kwake. Jibu la pili, ambalo naliona lina uzito zaidi, ni kwamba kazi ya Willy ilimtakasa. Anasa zake zote zilikuwa gharama ya ukombozi, na ukombozi haukuwa na mpinzani nchini.

Kwa nini jasusi huyu hakupata uso mmoja unaokubaliwa na wote kwenye kioo? Sababu inayotajwa kwanza ni fedha. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na ilitarajiwa kuelimisha kabla ya kuburudisha. Filamu mbichi ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha hizo hazikuwapo. Wengine husema serikali isingependa habari za Usalama wa Taifa zichezwe hadharani. Hoja hii haisimami vizuri, kwa sababu vitabu vyenyewe viliuzwa madukani bila kificho. Ni kweli, hata hivyo, kwamba bunduki na sare haziingii kwenye picha bila kibali, na mwenye mtaji mdogo huogopa safari ya vibali.

Watu wa Kongwa, wakati huo, walikuwa wakiwatazama majasusi wa wenzao. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, na pengo la kabla ya hapo lilijazwa na gari la sinema la serikali, na baadaye na mikanda ya video. Katika kibandaumiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, kuna mabenchi, madirisha yaliyozibwa kwa magunia, jenereta nje, na ubao mlangoni wenye majina ya picha na saa kwa chaki. Mtafsiri hushusha sauti ya Kiingereza na kupandisha ya kwake. Dar es Salaam aliyevuma kwa kazi hiyo ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mtazamaji wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, pale penye soko la mahindi ambapo malori hulala na madereva wana muda, angeweza kumjua Bond akisema Kiswahili cha mitaani, tena akiwa na maoni ya mtafsiri juu ya tabia yake. Mtu aliyemsikia steringi kwa namna hiyo haoni ajabu kuulizwa kama Mwafrika anaweza kumcheza. Kwake, sauti ilikwisha kuwa ya Mwafrika.

Mfumo wa Bongo Movie uliposhika kasi baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, ilionekana Willy angepata nafasi. Lakini wasambazaji wa Kariakoo walitaka picha za siku chache na gharama ndogo, za mapenzi, ndoa na uchawi, zinazochezwa sebuleni. Steven Kanumba, uso mkubwa kuliko wote wa muongo huo, alifariki Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, na kwa mashabiki wa rika lake hoja ya nani angefaa ilizikwa naye. Mimi sikubaliani nao. Kanumba alijua kulia mbele ya kamera, na watazamaji walimpenda kwa hilo. Willy wa Musiba halii.

Ubishi wa Bond wenyewe uliendelea kwa mkondo wake. Kati ya 1989 na 1995 haikutoka filamu hata moja. Wengine husema vita baridi vilikwisha na Bond akakosa adui, lakini kesi za umiliki zilizokuwa mahakamani zinatosha kueleza sehemu kubwa ya kimya hicho. Daniel Craig alipotangazwa kuwa Bond mpya Oktoba 2005, mashabiki walilalamikia nywele zake za rangi ya dhahabu na kutishia kususia. Mwaka uliofuata Casino Royale, ambayo moja ya sehemu zake za mwanzo inaonyeshwa kuwa ni Mbale, Uganda, ikawanyamazisha. Desemba 2014, barua pepe za kampuni ya Sony zilipoibwa na kuanikwa, ilionekana kiongozi mmoja wa kampuni hiyo akimpendekeza Idris Elba, mwigizaji Mwingereza mweusi, awe Bond ajaye. Kwa Kongwa jina hilo lina jambo la ziada, maana mwaka uliotangulia Elba alikuwa amemcheza Nelson Mandela, kiongozi wa chama ambacho vijana wake walilala Kongwa. Elba mwenyewe alikuja kusema kwamba mjadala uligeuka kuwa wa rangi ya ngozi na ukamkera. Mwaka 2024 Zanzibar ilimtengea ardhi ya karibu hekta 80 kwa ajili ya studio ya filamu, na Februari 2025 familia iliyoshika hatamu za Bond tangu mwanzo ilizikabidhi kwa Amazon.

Ukisikiliza kwa makini, utaona kwamba wanaobishania uso huwa wanabishania zama. Anayemtaka Connery mwingine anataka ulimwengu wa 1962. Anayemtaka Elba anataka ulimwengu uliokuja baadaye. Kwa Willy jambo hili ni kali zaidi, kwa sababu adui wake alikufa kwa kura mwaka 1994. Musiba alilijua tatizo hilo, na katika Uchu, kitabu cha mwaka 2000, alimpeleka shujaa wake kwenye habari za Rwanda na mauaji ya kimbari. Ni kitabu chenye giza, na Willy wake amepungua maringo.

Kwa hiyo wapo watakaomtaka Willy wa leo, mwenye simu janja na adui mpya, na hao watahitaji mwandishi kabla ya kumtafuta mwigizaji. Mimi niko upande wa Willy wa 1974, achezwe na kijana asiyejulikana, kama Connery alivyokuwa karibu hajulikani, naye asiwe na historia ya kulia sebuleni. Atakayetaka kuifanya kazi hiyo azungumze kwanza na wenye haki ya vitabu, kisha afike Kongwa aone. Filamu ya kisa cha miaka ile inahitaji majengo ya zamani na barabara za vumbi, na vyote viwili bado vipo huko.