Ibn Battuta na Vyakula vya Pwani

Miongoni mwa wasafiri waliopita zamani katika bahari yetu na kuandika khabari za miji yake, ni wachache waliotazama chakula kwa makini kama Ibn Battuta, yule faqihi wa Tangier aliyetoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, kisha safari ikamchukua hata akafika China.

Alipowasili Mogadishu, mnamo mwaka 1331, mgeni hakutafuta mkahawa, bali alingojewa na ada. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa sambuku, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Na tangu hapo tajiri yule alishukia kwa mwenyeji huyo, ambaye ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka, hata mtu akimpunja bei, au akimuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo ilikuwa batili.

Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipokewa na kadhi, na Sheikh mtawala wa mji akampelekea tambuu, popoo na marashi ya mawaridi ya Dameski. Kisha kikaja chakula. Wali uliopikwa kwa samli ulipakuliwa katika chano kikubwa cha mbao, na juu yake yakawekwa mabakuli ya kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Palikuwa na ndizi zisizoiva zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili za siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Wala hakutosheka kuvitaja tu, bali alieleza kwamba embe likiiva ni tunda tamu, na kabla ya hapo ni kali mfano wa ndimu, nalo hutiwa siki. Na kwamba mlaji, kila akila tonge la wali, hufuatisha achari hizo. Alistaajabu pia kuona mtu mmoja wa mji ule akila kadiri ya kundi zima la watu wa kwao.

Mombasa alilala usiku mmoja tu kabla ya kuelekea Kilwa, lakini hata hapo alidiriki kuandika kwamba chakula cha watu wake ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletwa kutoka mrima.

Khabari hizi alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy huko Fez, naye akaziandika, na kitabu cha safari hizo kikatimia mwaka 1355. Ndani yake hamna mahindi, muhogo wala nyanya, kwa sababu mimea hiyo asili yake ni Amerika, nayo haikuvuka bahari ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Na kwa kuwa pilipili kali nayo ni mmea wa Amerika, pilipili aliyoionja haina budi kuwa ya jinsi ya pilipili manga. Hivyo chano kimoja kilichoelezwa kwa uaminifu kinatufunza tarikh ya mashamba na ya biashara.

Basi, ewe msomaji usafiriye na kuonja vyakula vya watu, usiridhike kusema kwamba chakula kilikuwa kitamu: andika kilipikwa kwa vitu gani, kilipakuliwaje, na nani aliyekukaribisha, kwani wajukuu zetu watahitaji ushahidi huo.