Maana ya kazi

Maana ya kazi ni thamani ambayo mtu huiona katika shughuli yake, mbali na ujira. Nchini Marekani, mwaka 1997, mtafiti Amy Wrzesniewski na wenzake waliwauliza wafanyakazi 196 wanavyoiona kazi yao: riziki tu, ngazi ya kupandia cheo, au wito. Makatibu muhtasi 24 miongoni mwao, wenye majukumu yanayofanana, walijikuta wamegawanyika karibu sawasawa katika makundi yote matatu.

Basi cheo peke yake hakiamui. Baadaye Wrzesniewski na mtafiti mwenzake Jane Dutton waliwasikiliza wafanyakazi wa usafi hospitalini, watu wa ngazi ya chini kabisa. Baadhi walisema wao hupiga deki tu. Wengine walijihesabu kuwa sehemu ya matibabu: mmoja, katika wodi ya wagonjwa waliopoteza fahamu, alikuwa akihamisha picha ukutani, akitumaini kwamba badiliko hilo huenda likawaamsha. Hakuna aliyemtuma.

Hata hivyo, tabaka lina uzito wake, na ni dhuluma kumtaka mwenye njaa aridhike na wito. Mwaka 1968 wazoa taka wa jiji la Memphis, Marekani, wapatao 1,300, karibu wote Wamarekani weusi, waligoma wakibeba mabango ya kutangaza utu wao. Walidai heshima pamoja na malipo. Mgomo uliisha Aprili 16, jiji lilipokubali kukitambua chama chao cha wafanyakazi na kuwaongezea mshahara.